Mtoto Aliyekataa Chupa: Kunyonyesha, Kulikiza na Udugu wa Ziwa katika Historia

  

Kiangazi kimoja, baada ya darsa ya Alasiri hapa mjini Singida, tulijiwa na bibi mmoja aliyefuatana na jirani yake. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake wa kiume, umri wake miezi minne na siku chache. Mama wa mtoto alikuwa amerudi kazini Dodoma, akamwachia bibi mtoto pamoja na maziwa ya kopo na chupa tatu. Kwa muda wa mwezi mzima mtoto alinyonya chupa bila ya tabu. Kisha asubuhi moja akaikataa. Ikigusa mdomo tu analia, anageuza uso, anaisukuma kwa ulimi. Bibi alibadilisha chuchu ya mpira, akayapoza maziwa, akayapasha, akayaonja mwenyewe. Mtoto hataki. Siku ya pili jioni nepi ilikuwa karibu kavu na sauti ya kilio imekuwa ndogo. Jirani, ambaye naye ana mtoto wa kike wa miezi saba, hakuvumilia. Akampakata akampa ziwa. Mtoto akanyonya, kwa kulalamika na kuachia mara kwa mara, lakini akanyonya. Ikaendelea hivyo kwa siku nne.

Swali walilotuletea halikuwa la maziwa. Bibi alisema: "Sheikh, mama yake amepiga simu kakasirika. Anauliza nani aliyetupa ruhusa ya kumfanyia mwanawe ndugu bila yeye kujua. Na hapa mtaani wengine wanasema siku nne si kitu, wengine wanasema hawa wawili ndiyo basi, hawaoani mpaka Kiyama. Tushike lipi?"

Jibu lake la kifiqhi si refu, nasi tutalitaja mahali pake. Lakini tulipokaa kuliandika tuliona kwamba nyuma ya swali la bibi huyu kuna historia ndefu ambayo vijana wetu wengi wa madrasa hawajaisoma. Wanaujua mlango wa ridhaa kama mlango wa hesabu, mara tano au mara moja, na wanauacha hapo hapo.

Habari ya kale tunayoijua sote ya mtoto mchanga kukataa kulishwa ni ya Nabii Musa (A.S.). Katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 7, Mwenyezi Mungu anatueleza jinsi alivyompa ilhamu mama yake amnyonyeshe, na akimkhofia amtie mtoni. Watu wa Firauni wakamwokota. Aya ya 12 inatuambia kuwa Mwenyezi Mungu alikuwa ameshamharamishia wanyonyeshaji kabla ya hapo, ndipo dada yake akajitokeza kuwaonyesha watu wa nyumba watakaomlea, na mtoto akarudi kwa mama yake mwenyewe. Wanafunzi hushtuka kwenye neno "kuharamisha." Mtoto wa siku chache hana taklifu, vipi kitu kiwe haramu kwake? Wafasiri, akiwemo Al-Qurtubi, wamelijibu hilo: uharamu huu ni wa kuzuia, si wa kisharia. Yaani Mwenyezi Mungu aliuzuia mdomo wake usikubali ziwa la mtu mwingine. Kwa maneno mengine, katika nyumba ile yenye kila kitu, watumishi na mali na madaraka, kilikosekana kimoja tu: ziwa ambalo mtoto atalikubali. Kukataa kwake ndiko kulikomrudisha kwa mama yake.

Na hapa tuwape wapenzi wa nahau jambo la kuonja. Katika aya hii limetumika neno al-maradhi', wingi wa murdhi'. Lakini katika mwanzo wa Suratul-Hajj, inapotajwa Siku ambayo kila mnyonyeshaji atamsahau amnyonyeshaye, limetumika neno murdhi'a, lenye taa ya kike mwishoni. Az-Zamakhshari ameeleza tofauti: murdhi' ni mwanamke mwenye sifa ya kunyonyesha hata kama kwa wakati huo hanyonyeshi, na murdhi'a ni yule ambaye ziwa lake limo mdomoni mwa mtoto saa hiyo hiyo. Huyo ndiye atakayesahau kwa kitisho cha Siku hiyo. Lugha iliyotenga neno maalumu kwa hali hiyo ni lugha ya watu walioyatazama mambo haya kwa makini.

Na kweli waliyatazama. Waarabu wa Makka walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao jangwani kwa wanyonyeshaji wa makabila ya mashamba. Mtume wetu (S.A.W.) alinyonyeshwa kwanza na Thuwayba, mjakazi wa Abu Lahab, ambaye pia alimnyonyesha Hamza bin Abdul-Muttalib. Kwa hiyo Hamza ni ami yake kwa nasaba na ndugu yake kwa ziwa, na ndiyo maana alipopendekezewa kumuoa binti Hamza alikataa. Kisha akachukuliwa na Halima bint Abi Dhuayb wa Bani Saad. Wapokezi wa Sira wanaeleza kwamba wanyonyeshaji wenzake Halima walimpita yule yatima kwa sababu hapakuwa na baba wa kutarajiwa malipo. Halima naye alimchukua kwa kuwa tu hakupata mwingine na hakutaka kurudi mikono mitupu.

Angalia ziwa lile lilifanya nini baada ya miaka karibu sitini. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya vita vya Hunayn, walitekwa wanawake na watoto wa Hawazin wapatao elfu sita. Bani Saad ni tawi la Hawazin. Ulipokuja ujumbe wao kuomba, hoja waliyoitanguliza haikuwa ya mali wala ya siasa. Walimkumbusha Mtume (S.A.W.) kwamba ndani ya mazizi yale walimofungiwa mateka wamo mama zake wadogo na shangazi zake wa kunyonya. Mtume (S.A.W.) aliwaachia fungu lake na la ukoo wake, masahaba wakafuata, na mateka wakarudi kwao. Wanahistoria wamepokea pia habari ya Shaymaa, binti wa Halima, aliyejitambulisha kuwa ni dada yake, naye akamtandikia joho lake amkalishe. Watu elfu sita! Ridhaa si jambo la jikoni.

Hata mwanawe mwenyewe, Ibrahim, alimpa mnyonyeshaji, Ummu Sayf, mke wa mhunzi, katika viunga vya Madina. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akienda kumtazama katika nyumba iliyojaa moshi wa kiwanda cha chuma, akimbeba na kumbusu.

Tunakuja sasa kwenye kisa ambacho, kwa maoni yetu, kingestahiki kusomwa katika kila zahanati ya mkoa huu. Amekipokea Ibn Saad katika Tabaqat. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipoanzisha daftari la posho kutoka Baitul-Mali, aliweka utaratibu kwamba mtoto haandikiwi posho mpaka aachishwe ziwa. Kwa karani wa hazina ni utaratibu wa busara, kwani anayenyonya halishwi na Baitul-Mali, analishwa na mama yake. Usiku mmoja ulifika msafara wa wafanyabiashara, ukapiga kambi nje. Umar akamwambia Abdur-Rahman bin Auf waende wakaulinde usiku huo. Wakawa wanalinda na kuswali. Umar akasikia mtoto analia. Akaenda kwa mama yake, akamuusia amche Mungu na amtendee mema mwanawe, akarudi. Kilio kikarudi. Akaenda tena. Mwisho wa usiku akasikia tena, akamlaumu mama yule kwa maneno makali: kwa nini mwanao hatulii usiku kucha?

Mwanamke, asiyejua anazungumza na nani, akamjibu kuwa amemchosha kwa usiku ule. Akasema kwamba anajaribu kumlikiza mtoto na mtoto anakataa. Kwa nini unamlikiza? Kwa sababu Umar hawaandikii posho ila walioachishwa. Ana umri gani? Akamtajia miezi yake, michache. Umar akamwambia asimharakishe. Kisha akaswalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kukisikia kisomo chake vizuri kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Waislamu ambao huenda wamekufa kwa ajili ya utaratibu wake. Akamwamuru mnadi atangaze kwamba wasiwaharakishe watoto kuachishwa, na kuwa kila anayezaliwa katika Uislamu ameandikiwa posho. Akaliandika hilo kwenda miji yote.

Hapa kuna mambo mawili yanayotugusa. La kwanza ni kuwa mtoto yule wa msafarani alikuwa anakataa, na kukataa kwake kulikuwa ni habari. Mama hakuwa na sauti ya kumfikia Khalifa, lakini mtoto alikuwa nayo. La pili ni kuwa kosa halikuwa la mama. Umar alianza kwa kumlaumu mwanamke na akamaliza kwa kujilaumu mwenyewe, akaifuta kanuni. Sisi wanaume, na masheikh hasa, huwa tunaishia kwenye nusu ya kwanza ya kisa.

Tugeukie vitabu vya fiqhi. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na kitabu chetu cha kutegemewa ni Minhaj cha Imam An-Nawawi. Humo, katika mlango wa matumizi ya jamaa, imeelezwa kuwa ni wajibu kwa mama kumnyonyesha mwanawe dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo baada ya kuzaa. Baada ya hapo, akiwa hapatikani ila mama au mwanamke mwingine mmoja tu, ni wajibu kwa huyo aliyepatikana. Wakipatikana wote wawili, mama halazimishwi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtoto kwa kawaida haishi bila ya dang'a. Cha kushangaza ni kwamba Ibn Al-Qayyim, katika kitabu chake mashuhuri cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfatul-Mawdud, amependelea kinyume chake: mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine kwa siku mbili au tatu za mwanzo, kwa kuwa maziwa ya mama wakati huo ni mazito na yamechanganyika. Hayo ni maoni aliyoyachukua kutoka kwa matabibu wa zama zake, si kutoka kwenye Aya wala Hadithi. Utabibu wa leo uko pamoja na Minhaj. Dang'a imejaa kinga, na madaktari wanataka mtoto awekwe ziwani ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Bado tunawasikia bibi zetu wakiikamua na kuimwaga wakisema ni chafu. Wakiulizwa, hawajui kwamba fuqahaa wa Kishafii waliandika kuwa ni wajibu, karne nyingi kabla ya hadubini.

Ama Qur'ani, katika Suratul-Baqara aya ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, ikamwajibisha baba chakula na mavazi, ikakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe na baba kadhalika, na ikaruhusu kumwachisha kabla ya muda kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Tulimsomea bibi aya hii kwa sababu ya hasira ya binti yake. Kushauriana kumetajwa waziwazi. Mama aliyeko Dodoma alikuwa na haki ya kuulizwa. Lakini pia mtoto akikhofiwa kuangamia ruhusa haingojwi, na wanavyuoni wa Kihanafi waliosema kuwa mwanamke asinyonyeshe mtoto wa watu bila ya idhini ya mumewe wameitoa hali hiyo hiyo katika katazo lao.

Idadi je? Katika madhehebu yetu ni minyonyo mitano iliyotengana, kwa Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), ndani ya miaka miwili. Na ndiyo kauli mashuhuri ya Mahanbali. Mahanafi na Wamaliki wanasema hata kidogo kinatosha. Mnyonyo mmoja unahesabiwa kwa desturi: mtoto akishika kisha akaacha kwa hiari yake, huo ni mmoja. Siku nne za mtoto wa miezi minne ni minyonyo mingi mno. Kwa hiyo waliosema mtaani kuwa siku nne si kitu wamekosea kwa madhehebu yote manne. Mtoto huyu amekuwa mwana wa yule jirani, na mumewe amekuwa baba yake wa kunyonya, kwa kisa cha Aflah ndugu wa Abul-Quays na Bibi Aisha. Watoto wote wa jirani, waliozaliwa na watakaozaliwa, ni ndugu zake. Ama ndugu zake mwenyewe wa tumbo moja hawaguswi na hilo, wao wako huru. Na ridhaa haileti mirathi wala haiwajibishi matumizi.

Wengine hudhani kuwa chupa inaondoa hukumu. Jamhuri ya wanavyuoni wanasema maziwa ya mwanamke yakikamuliwa na kumiminwa mdomoni mwa mtoto yanafanya yale yale yafanyayo ziwa. Ibn Hazm alikhalifu, akashikilia kuwa kunyonya ni kunyonya, kwa mdomo na ziwa. Na kauli inayofanana imenasibishwa kwa Al-Layth bin Saad wa Misri. Tofauti hii ya karne nyingi ilikuja kufufuka ghafla zilipoanzishwa benki za maziwa ya akina mama. Mwaka 1983, katika kongamano la kitabibu Kuwait, Sheikh Yusuf Al-Qaradawi aliziruhusu kwa kuitegemea kauli ya kina Ibn Hazm. Miaka miwili baadaye, Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi mjini Jeddah liliamua kuzizuia katika nchi za Kiislamu, kwa kukhofia nasaba za ziwa kuchanganyika. Mjadala huu si wa mbali na sisi tena. Benki kama hiyo ilifunguliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, kwa ajili ya watoto njiti na wagonjwa.

Ama maziwa ya mnyama hayaleti udugu. Al-Sarakhsi katika Mabsut ametaja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Hadithi, Al-Bukhari, alifukuzwa mjini kwao kwa kutoa fatwa kwamba watoto wawili wakinywa maziwa ya kondoo mmoja wanakuwa ndugu. Wengi wamekishuku kisa hiki, akiwemo Abdul-Hayy Al-Laknawi, nasi tunakishuku, kwani hakifanani na akili iliyoandika Sahihi. Tunakitaja kwa sababu mkoa wetu ni mkoa wa ng'ombe. Kama fatwa ile ingekuwa kweli, Wanyaturu na Wanyiramba wote wangekuwa ndugu wa ziwa na hakuna ambaye angeoa kwao.

Sasa chupa yenyewe ilitoka wapi? Vyombo vya kulishia watoto ni vya kale, vya pembe, vya udongo na vya vibuyu. Chuchu ya mpira ilipewa hataza Marekani mwaka 1845. Maziwa mazito ya kopo yalifuata mwaka 1856, kisha katika miaka ya 1860 Mjerumani Justus von Liebig akatoa chakula cha watoto wachanga, na mwaka 1867 Henri Nestlé akaanza kuuza cha kwake huko Vevey, Uswisi. Viwanda vilikuwa vimewatoa wanawake majumbani, na chupa ikawa ndiyo mama wa mchana. Zile za zamani zenye mpira mrefu wa kuvutia zilikuwa haziwezi kusafishwa ndani, zikaua watoto wengi hata zikapewa majina mabaya.

Biashara hiyo ikavuka bahari. Daktari Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika na ambaye ndiye aliyeandika habari za kwashakoo kutoka Gold Coast katika miaka ya 1930, alisimama mjini Singapore mwaka 1939 mbele ya wakubwa wa mji na kusema kuwa kuwapotosha akina mama maskini waache kunyonyesha kwa ajili ya maziwa ya kopo ni sawa na mauaji. Kopo halikuwa na sumu. Kilichokuwa kikiua ni maji, moshi wa kuni usiotosha kuchemshia, na umaskini unaomfanya mama aongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichoitikisa dunia. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala. Tanzania, iliyokuwa imeunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, ilitoa kanuni zake za taifa mwaka 1994. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akizaa mapacha, na baada ya hapo muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha wakati wa kazi.

Saa mbili, lakini mtoto yuko Singida na kazi iko Dodoma. Hapa ndipo tunapomkumbuka mama wa kambi ya msafara. Siku 84 zikaisha, mama akalikiza kabla ya muda kwa sababu daftari la mshahara halingoji. Sheria imeboreka, na bado mtoto anakataa.

Lipo na jambo la maradhi. Katika miaka ya 1990 na 2000 akina mama wenye virusi vya UKIMWI walishauriwa sehemu nyingi watumie kopo. Botswana iliwagawia bure. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuharibu maji, kukazuka kuhara kulikoua mamia ya watoto, wengi wao wa chupa. Leo mama anayetumia dawa vizuri anashauriwa anyonyeshe. Lakini jirani anayejitolea ziwa ni lazima apimwe kwanza, na hili tuliwaambia wazi. Alhamdulillahi jirani huyu alikuwa na kadi yake ya kliniki.

Tukiri kosa letu. Tulipoulizwa siku ile tuliingia moja kwa moja kwenye minyonyo mitano, tukawatajia kauli za maimamu, na mtoto yuko pale mgongoni analalamika. Hatukuuliza kwa nini alikataa chupa. Aliyeuliza ni mama mmoja wa darsa ya wanawake ambaye ni muuguzi. Alimchukua mtoto, akamfungua mdomo mbele ya dirisha, akatuonyesha utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, usiotoka ukifutwa. Fangasi za mdomo. Mtoto anaona njaa, anashika chuchu, inamuuma, anaachia. Akatueleza kuwa sababu nyingine ni mafua yanayoziba pua, sikio, meno yanayoanza kusukuma, tundu la chuchu lililo dogo, au maziwa yaliyobadilika ladha. Na mtoto akipungua mkojo, utosi ukabonyea, akawa mlegevu au ana homa, ni kumkimbiza hospitali saa hiyo, wala si ya kungoja siku ya pili jioni kama alivyongoja bibi.

Bibi akatuambia kwa aibu kuwa alishauriwa na wazee wawili. Mmoja alisema mtoto akatwe kimeo. Mwingine alisema angekuwa wa kike wangejua ni lawalawa. Wasomaji wetu wa Singida na Dodoma wanalijua neno hilo. Tangu miaka ya 1970 limekuwa jina la maradhi ya sehemu za siri za watoto wadogo, na dawa inayodaiwa ni wembe. Kwa jina hilo vichanga vya kike vimekeketwa kimyakimya, wakati ugonjwa wenyewe ni wa maambukizi yanayotibika kwa usafi na dawa za kawaida. Sheria ya mwaka 1998 imelifanya kosa la jinai kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na sisi hatujui mwanachuoni wa kuaminika anayeruhusu kumkata mtoto kwa kuwa amelia. Kimeo nacho kinaua kwa damu na pepopunda. Mtoto akikataa kula, mkubwa akatafute kilichomo mdomoni, asitafute cha kukata.

Dawa ya matone ilimaliza utando kwa muda wa wiki moja. Chupa zote tatu muuguzi aliziweka kando, akamfundisha bibi kulisha kwa kikombe kidogo: mtoto akae wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, anywe mwenyewe kwa ulimi, asimiminiwe. Kikombe kinasafishika, chupa na chuchu ni tabu, na hasa hapa kwetu ambapo miezi ya kiangazi maji yananunuliwa kwa dumu.

Ikabaki hati. Imepokewa katika Sahihi Al-Bukhari kwamba Uqba bin Al-Harith (r.a.) alimuoa binti wa Abu Ihab. Akaja mwanamke mweusi akasema amewanyonyesha wote wawili. Uqba akasema hajui hilo wala hajapata kuambiwa. Akapanda mnyama kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamuuliza atakaaje naye hali ya kuwa limeshasemwa. Akamwacha, na mwanamke akaolewa na mwingine. Ndoa ilivunjika kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema mapema. Katika Unguja ya karne ya 19, Sayyida Salme binti Said ameandika katika kitabu chake cha 1886 habari za watoto wa jumba la Sultani kunyonyeshwa na wajakazi. Ziwa la mjakazi na la muungwana hukumu yake ni moja. Lakini nasaba za waungwana ziliandikwa kwenye majuzuu na kusomwa kwa fahari, na hatujaona juzuu lililoandika ziwa.

Kwa madhehebu yetu ridhaa inathibiti kwa mashahidi wanaume wawili, au mwanamume na wanawake wawili, au wanawake wanne. Mama wa mtoto alikuja kutoka Dodoma siku ya Ijumaa. Alikuwa bado amekasirika alipoingia, akatusalimia kwa heshima lakini hakumtazama jirani. Tulimsomea kisa cha Umar, na alipofika pale mwanamke wa kambini anaposema kuwa mtoto anakataa, akainama. Baadaye alimuuliza jirani: "Dada, alikuwa analia sana?" Jirani akamwambia usiku wa kwanza tu.

Tuliandika katika daftari la shule nakala mbili: jina la mtoto, jina la mama aliyemnyonyesha na la mumewe, tarehe ya Hijria na ya Miladi, idadi ya siku, na majina ya wanawake wanne walioshuhudia. Nakala moja ilitiwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto na nyingine ndani ya kadi ya yule binti. Tulikuwa tunafunga kalamu mama wa mtoto aliposema bado, tuongeze mstari mmoja, kwamba watoto watakaozaliwa baadaye na jirani nao ni ndugu zake, wasije wakaambiwa hawamo.